Kitenge Kwenye Pua ya Tangi

Harufu ya mafuta mazito haipigi hodi. Inapita tundu la ufunguo, inavua viatu, inajilaza kitandani. Pale Uyole, nyuma ya soko la viazi, ndani ya ua wa mabati wa mzee Taher, ilikuwa imeshahamia moja kwa moja kwenye nyumba ya Kasian mlinda tangi, na ikilala katikati ya mume na mke. Watu wa Uyole kwa kutia chumvi hawajambo. Waliapa kwamba nzi akikatiza juu ya ua ule anaanguka chali akiimba, na kwamba yule mama wa chipsi wa nje ya geti anaanika kikaango tu, viazi vinajikaanga vyenyewe kwa hewa.

Wa kucheka walicheka. Rozalia, mke wa Kasian, hakuwa na nafasi hiyo. Binti yao Pendo, aliyekuwa darasa la awali, alikuwa na pumu. Mchana akiwa shuleni alikimbia na wenzake kama kawaida. Jioni akirudi nyumbani kifua kilianza kupiga filimbi, na Rozalia alikaa naye mapajani mpaka alfajiri, akihesabu kila pumzi kama mtu anayesubiri maji ya bomba yarudi.

Tangi lilikuwa moja tu, refu kuliko kanisa la kigango chao, jeupe, lina ngazi ya chuma ubavuni. Taher alilinunua kuukuu, akalipaka rangi, akawa anajaza mafuta meusi mazito yanayoletwa na malori na kuuzwa kwa wenye matanuru ya chokaa na viwanda vya chai. Nyumba ya Kasian ilikuwa hatua chache kutoka kwenye ngazi ile. Ilitolewa pamoja na kazi, na kwa wanaojua kodi za Mbeya, hiyo ilikuwa nusu ya kazi yenyewe.

Siku moja Taher alipokuja kukagua kutoka Iringa, Kasian alivua kofia.

"Bosi, nilikuwa na ombi dogo. Kama ingewezekana tupate chumba nje ya ua. Mtoto kifua kinambana sana."

Taher alimtazama juu ya miwani. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye mkopo wa benki na kikohozi chake mwenyewe.

"Kasian, nyumba bure. Umeme bure. Maji bure. Sasa unataka na hewa uchaguliwe?"

Kasian akacheka, kwa kuwa mzaha wa bosi hauachwi peke yake. Alicheka mpaka Taher akaingia kwenye gari na geti likafungwa. Dirishani, Rozalia alikuwa anamwona akicheka.

*

"Kwani hilo dude harufu linatolea wapi, na limefungwa kila mahali?" Rozalia aliuliza jioni ile, huku anamkanda Pendo mgongoni kwa mafuta ya karafuu.

"Lina pua kule juu," Kasian alisema. "Tangi linapumua, mama Pendo. Jua likiwaka, mafuta yanatoa mvuke, gesi inavimba. Lisipotoa pumzi linapasuka. Na ile mitungi unayoiona kule chini ni ya naitrojeni, sisi tunaiita blanketi. Inatandazwa juu ya mafuta ili hewa isiyaguse. Hewa ikichanganyika na ule mvuke, cheche moja tu, Uyole yote inahamia Chunya. Halafu usiku..."

Pendo alishikwa na kikohozi. Akakohoa mpaka midomo ikabadilika rangi, baba akakimbilia maji ya moto, mama akamwinua mtoto wima, na ile "halafu usiku" haikumaliziwa. Si jioni ile, wala nyingine yoyote ndani ya nyumba ile.

Nusu aliyoisikia Rozalia ilimtosha, maana aliijua tangu utotoni. Baba yake alikuwa mgema wa ulanzi, pombe ya mianzi, kule Kilolo. Rozalia alikua akibeba vibuyu vya ulanzi mbichi kichwani, na kila mtoto wa Kilolo anajua kwamba ulanzi ukiuziba mchana unavimba na kukulipukia usoni. Kuna jirani yao mmoja, inasemekana kizibo kilimng'oa meno mawili na kofia, na kofia haijaonekana hadi leo. Lakini jioni, baridi ikishuka, ulanzi unatulia. Hapo unaweza kuufunga kwa kitambaa na udongo mbichi, ukalala, ukaufungua kabla jua halijapanda. Kwa akili yake, chombo chenye pumzi hutoa pumzi. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kipo chombo kinachovuta.

Kesho yake jua lilipozama, Kasian akiwa kibandani getini anasikiliza taarifa ya habari, Rozalia alijifunga kanga vizuri, akapanda ngazi. Chini hakuangalia. Alikuwa na mfuko wa nailoni, donge la udongo, na nusu ya doti ya kitenge alichopewa siku ya harusi, cha kijani chenye njiwa. Akaifunika ile pua kwa nailoni, akaizungushia kitenge, akakandika udongo kwenye pindo, akashuka. Alfajiri, Kasian akiwa bado anatafuta soksi, alipanda tena na kuifungua.

Usiku ule Pendo alilala. Usiku uliofuata akalala tena.

"Mungu amesikia," Kasian alisema, akamtazama mtoto kwa furaha iliyomfanya aonekane mjinga.

"Amesikia," Rozalia akajibu, akamwachia Mungu sifa zote.

*

Mambo yalikwenda hivyo tangu Jumapili ya Utatu mpaka baridi ya Juni ilipokomaa, ile ya Uyole inayomfanya hata jogoo awike akiwa amefunika mdomo kwa bawa. Kila jioni pua ilifungwa, na kila usiku tangi lilipopoa na kutaka kuvuta pumzi, mitungi ilifunguka yenyewe na kulimwagia naitrojeni kimya kimya. Hakuna aliyejua kwamba mitungi ile ndiyo ilikuwa inamwokoa Rozalia.

Siku moja mchana Kasian alipiga simu Iringa. Rozalia alikuwa anaanika nguo karibu naye.

"Bosi, blanketi limekwisha. Mitungi yote iko sifuri."

Sauti ya Taher ilisikika hadi kwenye kamba ya nguo. "Mwezi huu siwezi, Kasian. Tangi si lina pua? Basi livute hewa. Hewa ni bure."

"Lakini bosi, wale mafundi walisema..."

"Mafundi wanauza mitungi. Wewe fungua pampu, pakia malori. Tutajaza mwezi ujao."

Kasian alizima simu, akaiangalia kidogo, akaitia mfukoni. Rozalia alibana suruali ya mwisho kwenye kamba. Alisikia kila neno, na hakuliona hata moja linalohusu kitenge chake.

Jioni ile alipanda kama kawaida.

*

Kabla hakujapambazuka, Pendo alibanwa kuliko siku zote. Harufu ya jana ilikuwa imeganda ukutani na kwenye mablanketi, na kifua cha mtoto hakikuwa na habari na udongo wa mama yake. Macho yalimtoka. Rozalia alimfunga mgongoni kwa kanga ya kwanza aliyoishika, akatoka mbio pekupeku mpaka barabarani, akadandia bodaboda kwenda zahanati. Njia nzima alisema neno moja tu, "Vuta. Vuta, mwanangu. Vuta."

Kitenge cha njiwa kikabaki juu.

Jua lilipotoka, dereva Ombeni alikuwa getini na lori lake la tangi, anapiga honi. Ombeni alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mnene, mwenye maneno kama redio isiyo na kitufe cha kuzimia.

"Kamwene, Mhehe!" alimsalimia Kasian kwa lugha ya kwao. "Fungua, mzee, wenye chai wananisubiri Mufindi. Mbona uso kama umemeza betri?"

"Mtoto kazidiwa. Mama yake amempeleka zahanati."

"Pole sana, kaka. Tupakie haraka, nikushushe hapo nikipita."

Kanuni ilikuwa kwamba kabla ya kuwasha pampu, mlinda tangi hupanda ngazi na kuitazama pua. Kasian hakuwa mtu wa kuruka kanuni. Aliweka mguu kwenye ngazi. Halafu simu ikaita mfukoni, jina la Rozalia, akashusha mguu.

"Wamemwekea mashine," Rozalia alisema kule. Kelele za wagonjwa zilisikika. "Anapumua. Njoo basi."

"Nakuja. Nakuja sasa hivi."

Akaenda moja kwa moja kwenye pampu, akawasha.

Kwa muda mambo yalikuwa sawa. Mafuta yaliingia kwenye lori, Ombeni akasimulia habari ya trafiki wa Makambako aliyemwandikia faini kwa kosa la kutabasamu. Ndipo kukasikika mguno, kama wa ng'ombe anayelala vibaya. Ombeni akanyamaza, jambo ambalo lenyewe lilikuwa ishara.

"Mzee," alisema taratibu, "tangi lako linanyonya mashavu."

Kasian aligeuka. Ubavu mweupe wa tangi ulikuwa umebonyea, bonde refu kutoka juu hadi chini, na mbele ya macho yao likaja la pili. Akaruka kwenye swichi. Alipoifikia, tangi lote lilikuwa limeshajikunja kwa kishindo kilichoangusha mabati ya ua na kumwaga kikaango cha mama chipsi. Wanasema kishindo kile kilisikika Mbalizi, na kwamba wiki nzima kuku wa Uyole walitaga mayai yaliyobonyea upande mmoja. Ya kuku mtajua wenyewe. Lakini tangi lilikuwa limebanwa mithili ya chupa ya maji iliyonyonywa na mtoto mwenye kiu, na juu yake, kwenye pua iliyoinama, njiwa wa kijani walikuwa wamevutwa ndani hadi shingoni.

Ombeni hakuwatambua. Kasian aliwatambua akiwa palepale chini.

*

Taher alifika alasiri, na askari wawili nyuma yake. Alilizunguka tangi mara moja. Akashika bati lililobonyea kwa kiganja, kama mtu anayempapasa farasi aliyekufa.

"Nani kaziba pua?"

"Mimi, bosi," Kasian alisema.

"Wewe? Kwa nini?"

Kasian hakuwahi kuwa hodari wa kudanganya. "Harufu," alisema. "Ilinichosha."

"Mtu wa tangi, unayejua pua ni nini, umeiziba kwa mkono wako na ukawasha pampu kwa mkono wako." Taher aliwageukia askari. "Mmesikia wenyewe. Huyu aliomba nyumba nikamnyima. Ameharibu kwa makusudi."

Pingu zilipofungwa, Kasian aliomba jambo moja tu, wampitishe zahanati amwone mtoto. Askari mmoja alitaka kukubali, mwenzake akasema gari halina mafuta ya kuzungukazunguka. Palepale, mbele ya tangi la mafuta. Hata Ombeni hakucheka.

*

Rozalia alifika kituo cha polisi jioni, Pendo mgongoni. Walimruhusu kuzungumza na mumewe kupitia nondo, askari wa zamu akiwa hatua mbili tu.

"Nitawaambia," alinong'ona. "Ni mimi."

"Nyamaza."

"Kasian, ni mimi niliyepanda. Kila jioni. Nilidhani ni kama ulanzi."

Kasian akafumba macho. "Ulifungua kila alfajiri?"

"Kila alfajiri. Ila leo."

"Usiku ndio linavuta, Rozalia. Likipoa linavuta hewa. Ukipampu linavuta zaidi." Aliongea kwa upole, kana kwamba bado wako kitandani na anamalizia ile sentensi. "Na mimi sikupanda kuangalia. Kwa hiyo kosa ni langu vilevile. Huyu mtoto, wewe ukiwekwa ndani, nani atakesha naye? Nenda nyumbani."

Hakwenda. Alikwenda kaunta.

"Afande, shikamoo. Aliyeziba lile tangi ni mimi. Mume wangu hana hatia."

Askari wa zamu, kijana mwenye sharubu zisizokubali kuota, alimtazama yeye, akamtazama mtoto mgongoni, akamtazama tena yeye.

"Mama, kila mke wa mahabusu anakuja hapa na dhambi yake. Wiki iliyopita mmoja alisema ndiye aliyeiba ng'ombe kumi na mmoja, na alikuwa mjamzito wa miezi minane." Wenzake wakacheka. "Ulipanda ngazi ile na hiyo kanga?"

"Niliikunja."

Wakacheka zaidi. Mmoja aliomba aonyeshwe alivyoikunja. Rozalia aliinamisha uso.

"Sikiliza, dada," alisema askari wa umri mkubwa kidogo, bila kucheka. "Mlalamikaji ni yule mzee. Yeye akisema hana kesi, kesi haipo. Kaongee na yeye."

*

Duka la Taher liko Iringa mjini, mtaa wa kupandia soko kuu, rangi na vipuri chini, nyumba ghorofani. Rozalia alifika na kifurushi kwapani na Pendo mkononi. Mfanyakazi wa dukani alimwacha asimame pembeni mpaka wateja wote wahudumiwe, na wateja hawakuisha. Hatimaye sauti ya mwanamke ikaita kutoka juu, "Mlete."

Alikuwa Sakerbanu, mke wa Taher, mama mtu mzima aliyevaa rida ya bluu, lile vazi la wanawake wa Kibohora, mwenye uso wa huruma. Rozalia alivua viatu mlangoni, akapiga magoti kidogo kwa salamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, karibu mwanangu. Kaa." Kisha Sakerbanu alikwenda kufungua dirisha. Akafungua na la pili. Hapo ndipo Rozalia alipotambua kwamba harufu ya tangi ilikuwa imesafiri naye kutoka Uyole, ndani ya nguo na nywele zake. Akakaa kwenye ukingo wa kiti ili asikiachie kitambaa cha kiti harufu ile.

Taher alikaa mkabala naye. Hakuwa amelala, ilionekana.

"Sema."

Akasema yote. Kifua cha mtoto, ulanzi, udongo, ngazi. Akafungua kifurushi, akatandaza mezani nusu nyingine ya doti, kijani, njiwa walewale, ukingo wake uliokatwa kwa mkasi ukisubiri mwenzake. "Kile kilichoko juu ya tangi ni pacha wa hiki. Vifananisheni wenyewe. Mume wangu kitenge hiki hakijui hata kilipokuwa kinakaa."

Taher alikigusa kwa kidole. Alimwamini. Mtu mwenye macho angeona kwamba amemwamini.

"Tangu lini ulikuwa unafunga?"

"Tangu Jumapili ya Utatu."

"Kila usiku?"

"Kila usiku, mzee."

"Haiwezekani. Baridi ya Uyole ingekuwa imeshalikunja zamani. Wiki zote hizo, kwa nini halikuji..."

Akaishia hapo. Kwa madirisha yaliyofunguliwa zikaingia kelele za sokoni, mtu ananadi nyanya. Taher alikuwa anaiona mitungi iliyokuwa ikilimwagia tangi naitrojeni usiku hata usiku, na anaisikia sauti yake mwenyewe kwenye simu, hewa ni bure. Watu wa bima walikuwa waje Alhamisi. Bima hulipa ubaya wa mfanyakazi. Haimlipi mwenye tangi aliyeliacha bila blanketi. Aliinua macho, yakakutana na ya mkewe, na waume na wake walioishi pamoja miaka mingi hawahitaji maneno.

"Mama Pendo," Taher alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya duka. "Wewe ni mke mwema. Lakini mwanamke hawezi kupanda ngazi ile. Mumeo ameshaandika maelezo na kuweka sahihi. Sheria ifuate mkondo."

"Lakini mzee, umeona..."

"Sijaona kitu." Akainuka, akaingia chumba cha ndani. Kikohozi chake kilisikika nyuma ya mlango.

Sakerbanu alibaki. Alimwita Pendo, akamshika kidevu, akasikiliza kifua kwa sikio lake mwenyewe. Akaenda kabatini, akarudi na dawa mpya ya kuvuta, ile ya kopo la bluu, na sambusa zilizofungwa kwenye karatasi.

"Hii ni nzuri, inatoka Dar es Salaam. Mpe akibanwa, mara mbili. Usiache."

Rozalia aliipokea kwa mikono miwili, kama alivyolelewa, akapiga magoti. "Asante, mama. Mungu akuzidishie."

"Na hiki," Sakerbanu alisema, akikikunja kitenge taratibu, pindo kwa pindo, "niachie mimi, mwanangu. Kimechakaa. Kitakufaa nini?"

Rozalia alikuwa bado amepiga magoti. Dawa ilikuwa mikononi mwake, mkono wa kukipokonya kitenge haukuwepo. Mtu aliyetoka kukupa pumzi ya mtoto wako, unamnyang'anya vipi kitambaa? Aliitafuta sauti. Iliyotoka ilikuwa ile aliyofundishwa.

"Haya, mama."

Alipofika chini, mtaani, jua la Iringa likampiga usoni, na hapo ndipo miguu ilipokataa. Akageuka, akaukimbilia ule mlango. Mfanyakazi alikuwa ameshaufunga. Akagonga. Akaita "mama!" mpaka watu wa sokoni wakaanza kusimama kumtazama. Madirisha ya juu, moja baada ya jingine, yakafungwa.

*

Walipewa mpaka Jumamosi kuhama. Mafuta yote yalikuwa yameshanyonywa na kupelekwa kwingine, mafundi wakaliosha tangi kwa maji ili vyuma vikauzwe, na kile kitambaa cha juu kilitupwa pamoja na tope. Likabaki limesimama pale limebonyea, limeinamisha kichwa, tupu.

Jumamosi mchana Rozalia alifunga vyombo. Ombeni alikuwa amejitolea kuwachukua na lori lake mpaka Igawa, huko watapata usafiri wa Madibira kwa dada yake Rozalia, kwenye mashamba ya mpunga. Alikuwa anasubiri getini bila kupiga honi. Kesi ya Kasian ilikuwa imeahirishwa, na mara ya mwisho walipoonana aliuliza tu kama mtoto analala.

Pendo alikuwa amesinzia kitandani, kwenye godoro lisilo na shuka, mdomo wazi. Rozalia aliingia kumbeba, akasimama. Akasikiliza. Hakukuwa na filimbi. Hewa iliingia na kutoka kifuani mwa mtoto laini kabisa, bila kukwama, kama hewa ya mtoto wa mtu mwingine. Dirishani palikuwa na lile kopo la bluu, halijafunguliwa.

Harufu ilikuwa imekwisha. Imehama bila kuaga, kama ilivyoingia.

Rozalia alikaa kando ya godoro. Zile pumzi nzuri ziliendelea, moja baada ya nyingine, na kila moja ilimchoma. Nje Ombeni aliita, "Mama Pendo, twende, barabara ndefu." Hakuitika. Alijifunika masikio kwa viganja viwili, akabaki hivyo, karibu kabisa na mtoto aliyekuwa anapumua.